Fulaha ya Barabarani, Furaha ya Mama

Baada ya kumzika Mama, shangazi zangu walifungua sanduku lake la bati ili wagawane nguo, na chini kabisa wakakuta joho lake jeupe la kwaya. Lilikuwa limekunjwa kama alivyolikunja siku zote. Walipolikunjua, chumba kikajaa harufu ya wanga wa muhogo aliokuwa akiupika mwenyewe kukazia nguo, na kwa mbali moshi wa pasi ya makaa. Shangazi mmoja akalinusa, akafumba macho, akasema, "Huyu alikuwa mama wa furaha." Mchungaji alikuwa amesema maneno hayo hayo kaburini, watu wakaitikia amina. Nami niliitikia. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huitikia chochote. Lakini jioni yote neno lile liliendelea kunikera, kwa sababu niliishi na furaha ya Mama chumba kimoja, na ninajua kwamba haikuwa kitu chepesi kama walivyodhani.

Ninyi mliokua Kampala miaka ile ya wanajeshi, mlio na mvi kama mimi, hamna haja ya kuelezwa mengi. Mnakumbuka redio ikizimwa ghafla. Mnakumbuka chai isiyo na sukari, na watu wazima wanaonyamaza gari likipunguza mwendo nje. Sisi tulikaa katika kambi ya polisi. Vyumba vilijengwa kwa safu, ukuta mmoja kwa familia mbili, na kila safu ilikuwa na bomba moja la maji. Baba alikuwa fundi wa magari ya polisi. Jioni alisugua mikono yake kwa mafuta ya taa na mchanga, na bado ilinuka grisi aliponishika shavu. Kwetu ni kaskazini, lakini mimi kaskazini nilikuwa nimeisikia tu. Kambini palikuwa na watu wa kila kabila, kwa hiyo watoto tulicheza kwa Kiswahili, tukatukanana kwa Kiswahili, tukasali kwa Kiswahili.

Upande wa pili wa ukuta wetu alikaa Sajini Ojok, dereva, rafiki wa Baba tangu walipoingia kazini pamoja. Mke wake tulimwita Mama Akello, kwa jina la binti yao, rafiki yangu. Usiku tulimsikia Ojok akikohoa, na Baba akigonga ukuta kumtania: "Ojok, hiyo injini yako ilete gereji kesho!"

Shuleni mwalimu wetu alikuwa Muganda mmoja mwembamba, mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua hata kwenye joto. Kama wengi wa kwao, ulimi wake uliigeuza r ikawa l. Mkubwa wa nchi alipokuwa na wageni, masomo yalisimamishwa, tukapelekwa kando ya barabara na kupangwa kwa kimo. Tulisimama juani mpaka midomo ikakauka. Nyuma yetu walikuwepo watu wa usalama, wanaume wa miwani myeusi na mashati ya maua. Mwalimu alipita mbele ya mstari, jasho likimtiririka, akasema kwa sauti ambayo sasa ninaelewa kwamba ilikuwa ya woga: "Batoto, fulahini! Asiyefulahi mimi namuona! Na hawa bazee nyuma nao banaona!"

Basi tulifulahi. Magari meusi yalipita kwa kasi, vumbi likatuingia mdomoni, nasi tukapunga majani ya migomba na kupiga kelele. Siku moja Akello alikuwa na homa. Alitapika kwenye nyasi, akajifuta mdomo, akaendelea kupunga.

Jumapili tulikwenda kanisani. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa kwetu kaskazini, na yeye r aliitetemesha vizuri, kama anayeionea fahari. Aliipenda sana habari ya yule mtume aliyefungwa minyororo na bado akawaandikia watu kwamba wafurahi. Nikiwa nimekaa kwenye benchi, miguu haigusi sakafu, nilipata maana yangu mwenyewe. Niliamini kabisa kwamba hayo ni maneno mawili. Fulaha ni kazi ya barabarani, unamfanyia mkubwa ili wenye miwani wasikushike. Furaha ni kitu cha kanisani, kinachomfanya Mama, ndani ya joho lake jeupe, ainue kidevu akiimba na kufumba macho. Sikumwuliza mtu. Nilijiona mwerevu sana kwa kugundua tofauti hiyo.

Baba na Ojok walichukuliwa pamoja, mchana, gereji. Mama alikuwa nje ya mlango akipepeta simsim. Kijana mmoja wa kubadilisha matairi alikuja akikimbia, akasimama mbali kidogo na sisi, akasema, "Mama, wamekuja na gari. Wamewachukua wawili. Baba yenu na Sajini."

Mama hakupiga yowe. Aliuliza, "Walikwenda njia gani?"

"Ya chini. Mimi hapana jua zaidi, Mama. Mimi sikuja hapa." Na akaondoka bila kugeuka.

Nilisikia Mama Akello akilia upande wa pili wa ukuta. Mama aliweka ungo chini taratibu, simsim isimwagike, akaenda kwa mwenzake. Siku zilizofuata walikwenda pamoja vituoni na kwenye malango ya kambi za jeshi, wakiuliza, wakifukuzwa, wakiuliza tena. Kila jioni Mama alirudi na vumbi magotini, kwa sababu kila aliyemwuliza alimpigia magoti.

Jumapili ilipofika alipiga pasi joho lake. Nilidhani hatutakwenda. Tulikwenda, na akasimama mahali pake katika mstari wa pili, akaimba. Kidevu kiliinuka kama kawaida. Nilimwangalia nikapata kizunguzungu. Baba hayupo, na Mama ana uso ule ule wa furaha! Nilimtafuta anayemlazimisha. Nikageuka, na kwenye mlango wa nyuma wa kanisa nikamwona mwanamume wa miwani myeusi, amekunja mikono, anasikiliza mahubiri.

Hapo kila kitu kilinipambanukia, au ndivyo nilivyodhani. Hakukuwa na maneno mawili. Furaha ndiyo fulaha. Mungu naye ni mkubwa, naye ana watu wake wanaosimama nyuma kuangalia nani amenuna, na aliyenuna baba yake harudi. Kwa hiyo Mama alikuwa akiimba ili kumwokoa Baba. Nami sikutaka kumwangusha. Kuanzia Jumapili hiyo nilianza kutabasamu. Nilitabasamu bombani, nilitabasamu darasani, nilitabasamu nikila. Mashavu yaliuma mpaka nikalala nimeyashika. Wanawake wa kambini walisema, "Mtoto huyu Mungu amempa moyo." Mwalimu wa koti la kahawia aliniweka mstari wa mbele.

Hata tulipotolewa kambini nilitabasamu. Afisa mmoja alikuja kusema kwamba chumba kinahitajika, akatazama ukutani alipokuwa akisema. Mama Akello alikwenda kwa kaka yake. Sisi tulipata chumba Bukoto, uani, nyuma ya duka la mkaa. Jirani yetu wa mlango kwa mlango alikuwa Mama Zaitun, Mnubi, mjane wa askari wa zamani. Mama alimwogopa. Watu walisema Wanubi ndio wenye serikali, ukiongea mbele yao umekwisha. Kwa siku kadhaa Mama alifunga mlango kila alipomsikia akitoka.

Kisha mvua ikanyesha siku nzima na mkaa wetu ukalowa. Mama Zaitun alisukuma mlango kwa goti, mikononi ana sahani ya kisra, ule mkate wao mwembamba, na mchuzi juu yake. Alisema kwa Kiswahili cha kambini, "Wewe iko na mtoto, mimi iko na moto. Kuja pika kwangu."

Mama alisimama kama mtu aliyekamatwa. "Asante, Mama. Sisi tuko sawa."

"Sawa gani? Mimi hapana uliza kabila yako. Mimi nasema moto."

Tangu siku hiyo tulipikia kwenye jiko lake. Mama alianza biashara ya samaki. Alfajiri alikwenda Ggaba, ziwani, kuwapokea wavuvi pamoja na wachuuzi wengine, akarudi na karai kichwani kuuza sokoni Bukoto. Jioni alikaa kwenye kigoda, miguu imevimba, magamba ya samaki yamemng'ang'ania mikononi mpaka viwikoni, akaimba nyimbo za kwaya chini chini. Mara nyingine alisinzia katikati ya ubeti, akazinduka, akaendelea palepale alipoachia. Nami nilikaa mbele yake nikitabasamu.

Mvua za msimu uliofuata zilipokuwa zikimalizika, Mama Akello alitokea uani kwetu jioni moja, amevaa viatu visivyofanana. Alisimama mlangoni, mdomo wazi, neno halitoki. Mama alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, uani.

"Amerudi?" Mama akauliza.

Mama Akello akatikisa kichwa kukubali.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mama aliosha mikono kwanza. Naikumbuka sauti ya maji yale katika beseni. Kisha akamkumbatia, na Mama Akello ndiye aliyelia, na Mama ndiye aliyembembeleza: "Nyamaza. Ni habari njema hii. Nyamaza, dada."

Kesho yake Mama hakwenda Ggaba. Alikwenda kumwona Ojok. Aliporudi hakuniambia kitu. Alitoa simsim yote tuliyokuwa nayo, akaanza kuikaanga, kisha akaisaga kwenye jiwe, kisha akakausha samaki wazuri ambao angeweza kuwauza. Nilipouliza ni wa nani, alisema, "Wa shukrani. Jumapili tunamshukuru Mungu kwa Ojok."

Niliendelea kutabasamu. Kumshukuru Mungu kwa Ojok! Nilimchukia Ojok kwa kurudi. Nilichukia hata kikohozi chake.

Shukrani ilifanyika alasiri, nyumbani kwa kaka yake Mama Akello. Madirisha yalifungwa na blanketi zikatundikwa juu yake. Wenye nyumba waliomba tusipige ngoma. Wanawake walipotaka kupiga vigelegele waliziba midomo kwa viganja, sauti ikatoka nyembamba, kama ya vifaranga. Barabarani tuliamriwa kupiga kelele hadi sauti zikauke. Hapa watu walikuwa wakijificha ili wafurahi.

Ojok alikaa kwenye kona, ndani ya koti lililokuwa lake lakini sasa lilimpwaya kama la kuazima. Hakuimba. Mchungaji alisema maneno machache juu ya Bwana anayefungua vifungo, Ojok akatazama sakafu. Akello alimpelekea sahani, ikabaki magotini mwake, mchuzi ukaganda. Watu walianza kuimba kwa kusitasita, kwa sababu ni vigumu kumfurahia mtu ambaye mwenyewe hafurahi.

Mama alitoka jikoni. Leso yake ilikuwa imelowa kiunoni. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Ojok, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya.

"Shemeji, nitazame."

"Siwezi, Mama. Nikikuona wewe namwona yeye."

"Basi mwone. Nami nimekuja kumwona."

Ojok alitikisa kichwa. "Ilikuwa nafasi yake."

"Najua. Uliniambia. Alikupa mwenyewe, hukumwibia. Ukikaa na njaa mbele ya chakula changu, ni kama unamrudishia. Na yeye hayupo kupokea." Akakata tonge, akalichovya, akaliinua. "Kula, shemeji. Nimechoka mikono."

Alikula. Alitafuna muda mrefu sana, machozi yakishuka. Kisha Mama akasimama kwa shida, goti moja halafu la pili, akamshika Ojok mkono, akamwinua. Akaanza wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, na akacheza. Hatua zilikuwa ndogo, hazikufuatana na wimbo vizuri, mabega yake yalikuwa yameinama kwa uchovu wa karai. Lakini alicheza, na Ojok akajikokota mbele yake, na watu wakaingia wawili wawili, wakicheza bila kukanyaga kwa nguvu.

Nilisimama mlangoni mwa jikoni. Nilijua ni lazima awepo mtu. Nilitazama kila kona nikitafuta miwani myeusi. Nikainua ncha ya blanketi dirishani: nje kulikuwa na kuku wawili na kamba ya nguo. Nikaenda mlango wa nyuma, sikuona mtu. Hakuna aliyekuwa akimwangalia Mama. Hilo lilinitisha kuliko yote. Kama hakuna anayemlazimisha, basi anacheza kwa nini? Jibu pekee nililopata ni kwamba amemsahau Baba.

Tulirudi Bukoto kabla jua halijazama, kwa miguu, Mama akiegemea bega langu. Alikaa kitandani akashindwa kuvua viatu. Nilimvua. Nikiwa bado nimeinama, nikauliza, "Mama, leo nani alikuwa anakuangalia?"

Hakuelewa. Ikabidi nimweleze yote: mstari wa barabarani, mtu wa kanisani, Mungu na watu wake, fulaha na furaha, na mashavu yangu. Alisikiliza bila kunikatiza. Mkono wake ulikuja ukanishika kidevu.

"Tangu lini?"

"Tangu Baba."

Akaniambia alichoambiwa na Ojok, kwa maneno machache, kama mtu anayempimia dawa mwenye homa. Walifungiwa wengi katika chumba kisicho na dirisha. Hewa iliingia chini ya mlango tu, na Baba alikuwa amepata kulala hapo. Ojok alipozidiwa na kikohozi, Baba alimwambia wabadilishane nafasi. Asubuhi askari alifungua mlango, akasema wale walio mlangoni watoke. Hakuuliza majina. Walitoka, wakatupwa barabarani, mlango ukafungwa.

"Na Baba?"

"Baba yako alibaki ndani."

Hatukupata kujua zaidi ya hapo. Serikali ile ilipoanguka tulikwenda na wengine kutafuta, tukarudi mikono mitupu. Ojok aliishi hadi uzee, na kila alipopata mtoto mwingine alimleta kwanza kwa Mama ambariki. Nimesikia baadaye mahubiri mengi juu ya furaha, na nimewasoma wasomi wakitenganisha raha na furaha, kwamba raha hutegemea mambo yakiwa mazuri, na furaha hutoka kwa Mungu hata mambo yakiwa mabaya. Pengine wako sahihi. Mimi siku nyingi sipati hata moja kati ya hizo, naamka nikiwa nimechoka, nasali kwa kuwa nimezoea. Ila ninapotaka kuelewa wanachosema, huwa narudi kwenye chumba kile cha Bukoto, kwa yale niliyomwuliza Mama.

Nilimwuliza, "Sasa kwa nini ulicheza?"

"Kwa sababu yule mtu anapumua. Baba yako alitaka apumue. Nikimnunia Ojok, nitakuwa nimemnunia baba yako."

"Lakini ulifurahi kweli?"

Alifikiri sana. Mama hakuwa mtu wa kudanganya watoto. "Sijui," alisema. "Tangu juzi namwomba Mungu aniletee furaha. Haikuja. Leo nikaona nikiisubiri chakula kitapoa, nikaanza kucheza bila hiyo. Katikati pale, nadhani ilikuja kidogo. Halafu ikaenda. Labda itarudi." Kisha akanitazama usoni. "Mungu hamtumi mtu kuangalia mashavu yako. Unasikia? Hana askari wa kazi hiyo. Acha kutabasamu sasa."

Sikuwa nimejua kwamba bado natabasamu. Nilijaribu kuacha, na midomo ikatetemeka, na kilio chote cha miezi ile kikatoka mara moja, kwa sauti mbaya. Mama hakuninyamazisha. Aliniweka mapajani, mkubwa kama nilivyokuwa, naye akalia, kwa mara ya kwanza mbele yangu.

Mama Zaitun alisikia kupitia ukuta. Aliingia bila kubisha hodi, akatutazama, akavua makubadhi, akakaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda. Hakuuliza. Alikuwa anapitisha shanga za tasbihi vidoleni, na kila nilipopaliwa alinipigapiga mguu. Tulikaa hivyo mpaka nuru ikapungua mlangoni.

Hatimaye Mama Zaitun akasema, "Mnarudi karamu. Mmekula nini?"

Mama alijifuta pua kwa leso. Akafikiri. Akanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa. Alikuwa amepika tangu alfajiri, akasaga, akapakua, akalisha mtu kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameonja kitu.

"Hatukula," alisema, na sauti yake ikawa ya kushangaa. "Mama Zaitun, wallahi, chakula chote kile, na hatukula!"

"Eh! Mlokole naye anasema wallahi!"

Na Mama akacheka. Kicheko kilianza puani kwa sababu bado alikuwa na makamasi ya kilio, kikashuka tumboni, kikamtikisa mpaka akashika ubavu na kusema anaumia. Hakikufika mbali, hata wa duka la mkaa hawakukisikia. Mama Zaitun alishika ukingo wa kitanda, akajiinua akiguna, akaenda kuwasha jiko.